Mfarishi wa Vyumba Ishirini

Ukunda,
Jumatatu, 9 Februari 1998

Kwako mke wangu Bibi Kahaso,

Shikamoo. Ikiwa hapo Vanga kuna mtu ambaye bado hajapata habari, mwambie kwamba tangu sindano ilipotobolewa tundu, hakujatokea mkono wa kushona kama huu wangu. Cherehani yako siku hizi ndiyo inayoniamkia mimi. Nikiingia chumbani asubuhi husema shikamoo kabla sijakanyaga pedali, nami huiitikia marahaba kwa sababu sina kiburi.

Huku tuna salama. Paa linavuja pale pale linapovuja siku zote. Mbuzi wa jirani amezaa pacha, na mmoja ana sura ya Alfani. Mwenyewe Alfani, binamu yangu, mjukuu wako mwema aliyemaliza kidato cha nne na hajawahi kuvunja kitu, alikuja Ijumaa baada ya sala. Kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Alisimama mlangoni akaitazama cherehani kama mtu anayemtazama mchumba wake akiwa kwenye nyumba ya watu. Nilimpa kiti nikakiweka mbali nayo.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Masharti yako nimeyaandika ukutani kwa makaa, usije ukayageuza. Mfarishi, tandiko la viraka, uwe na vyumba ishirini vya mraba, kila chumba na picha yake ya vipande vya nguo, nao uwe tayari kabla ya Maulidi. Kila wiki nikupe ripoti kwa mkono wa Randu wa lori la barafu, na ndani ya bahasha nitie kipande cha kila nguo niliyoikata, ndio ushahidi. Nikitimiza, cherehani ni yangu. Nisipotimiza, au ukinishika na uongo hata mmoja, ni ya Alfani. Ukasema nguo zote zimo sandukuni, nikate chochote. Yote nimekubali. Lililonishinda kuelewa ni moja tu. Huyu Bi Jemima wa duka la hoteli, aliyekuagiza kazi hii, anataka mfarishi wa kutundika ukutani. Kitu cha kulalia wanakitundika. Basi picha zao wanazilalia?

Ripoti ya wiki. Chumba cha kwanza ni kuku. Ametoka vizuri hata jogoo wa jirani ameanza kushinda dirishani kwetu. Chumba cha pili ni jiko lako na sufuria yako iliyobonyea. Nimeibonyeza vile vile. Vipande vimo ndani ya bahasha, kimoja na mshono wake, uone maajabu.

Mpe pole dada yako, Bibi Mwanakombo, kwa mguu wake uliovunjika. Mwambie ukichelewa kupona nitamshonea mwingine.

Mumeo,
Chirau, Fundi Mkuu


Vanga,
Jumamosi, 14 Februari 1998

Mume wangu Chirau,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka changu, kwa maana Randu aliitia kwenye kapu la samaki. Huku hatujambo. Mguu wa Mwanakombo bado. Mimi namwuguza, nakula, nalala.

Vipande nimevishika. Cha kuku kimeshonwa na mtu aliyekuwa na safari. Mishono ile ni ya gunia la makaa. Fumua, ushone tena, mshono uwe mdogo kama punje ya mtama. Jogoo wa jirani si mwalimu wa ushonaji, na huja dirishani kwa sababu unamwaga wali.

Cherehani ikikuamkia tena, iulize mara ya mwisho ilipewa mafuta lini.

Mwalimu wetu wa ngumbaru alitufundisha barua isizidi ukurasa mmoja. Wewe uliacha shule darasa la saba, mimi nilianza shule nikiwa na wajukuu sita, na bado yangu ndiyo fupi.

Mkeo,
Kahaso


Ukunda,
Jumatatu, 23 Februari 1998

Kwa mke wangu asiyeridhika,

Shikamoo. Ni mzima tu, nimenenepa kwa sifa. Paa limepata tundu la pili ili lile la kwanza lisiwe peke yake. Mafuta nimeitia cherehani, sasa haisemi shikamoo, inaimba.

Kuku nimemfumua na kumshona upya kwa punje ya mtama. Sasa amependeza zaidi na ana huzuni kidogo, kama mtu aliyesoma sana.

Ripoti ya wiki hizi mbili, na hapa naomba ukae chini. Chumba cha tatu ni yangeyange, wale ndege weupe, watatu juu ya mgongo wa ng'ombe. Cha nne ni lori la Randu, limejaa vipande saba vya barafu. Cha tano ni askari wa lango la hoteli na filimbi yake, ambaye aliwahi kunifukuza, kwa hivyo nimempa masikio makubwa. Cha sita ni mimi mwenyewe nikicheka. Hukuniagiza, lakini mfarishi usio na mimi watu wangeuliza umesahau nini. Nimejitia meno yote thelathini na mawili.

Nyeupe ilikuwa imenikosesha raha, maana leso zako zote zina rangi na maua. Sasa ninayo, tena safi kuliko mashuka ya wageni. Ina harufu kama ya dawa ya mende, lakini mende hawajalalamika. Kipande chake nimekitia pamoja na vingine.

Bi Jemima alipita Alhamisi. Ni mtu wa bara, husema mambo yake upesi upesi. "Chirau," akasema, "hii kazi iko sawa kabisa, sikudhani ni wewe." Nikamwambia hata mimi wakati mwingine sidhani. Akasema wageni ni wachache tangu mwaka jana, hoteli inataka kitu cha kuwafanya hao wachache wasimame pale ukumbini watazame, na ukuta wameshaupaka rangi. Wenzetu wanaupaka ukuta rangi kwa ajili ya tandiko.

Mumeo,
Chirau, Fundi Mkuu wa Pwani ya Kusini


Vanga,
Jumatatu, 2 Machi 1998

Mume wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kumenyesha, kukaanuka, kumenyesha tena.

Nimevitandaza vipande vyako kwenye mkeka. Mishono imekuwa midogo. Ya yangeyange ni mizuri. Sikukusudia kuandika neno hilo lakini limeshaandikika.

Masikio ya askari yapunguze. Ana watoto.

Nyeupe nimeinusa.

Chini kabisa ya sanduku nilisahau kifurushi. Kimefungwa uzi mweusi, mafundo saba. Usikifungue. Mpe Randu aniletee.

Mkeo,
Kahaso


Ukunda,
Jumatatu, 9 Machi 1998

Kwa mke wangu mpendwa aliye mbali,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu ya akiba. Natumaini mu wazima wote hapo, wewe na mgonjwa, na kuku wa mgonjwa, na jirani wa mgonjwa. Hapa jirani zetu wazima wote, ningeweza kuwataja mmoja mmoja.

Neno zuri umeliandika na mimi nimelikata kwenye barua nikalibandika ukutani juu ya masharti. Alfani alipokuja nilimwacha alisome mwenyewe.

Ripoti. Chumba cha saba ni mbega anayepita juu ya waya wa stima akijifanya yeye ndiye fundi wa stima. Cha nane ni mwuza mitumba. Hicho kilinitaabisha, kwa sababu lazima nishone nguo zilizoshonwa na mtu mwingine, nami sipendi kumsaidia mtu kazi. Masikio ya askari nimeyapunguza, moja. Jingine nasubiri anisalimie.

Kuhusu kile kifurushi, sanduku lako ni refu kwenda chini. Nitalitazama.

Randu ameniambia jambo nikamwambia aangalie barabara. Amesema alimwona Bibi Mwanakombo akitoka kisimani na ndoo kichwani, anatembea kama askari wa gwaride. Wewe alikuona umelala mkekani mchana. Sasa nauliza tu, kama mume: katika nyumba hiyo nani anamwuguza nani?

Mumeo,
Chirau


Vanga,
Ijumaa, 20 Machi 1998

Mume wangu Chirau,

Marahaba. Hatujambo.

Mwanakombo anafanya mazoezi ya mguu. Ndoo ni sehemu ya mazoezi. Mimi nililala kwa sababu kulikuwa na mkeka.

Mwambie Randu kazi yake ni barafu.

Mbega sina neno naye. Mwuza mitumba umemshona kola mbili, au ndivyo kipande kinavyosema. Tazama.

Kifurushi sijakiona. Hili si ombi la pili. Ni lile lile la kwanza, limerudi.

Mkeo,
Kahaso


Ukunda,
Jumatatu, 6 Aprili 1998

Bibi yangu,

Shikamoo, na nakutakia Iddi njema ya kesho. Kwetu watachinja kwa mjomba. Nitakula sehemu yangu na yako, ili isiharibike.

Vyumba vimefika kumi na viwili. Cha tisa kisima, cha kumi mnazi uliopinda wa nyuma ya nyumba, cha kumi na moja mashine ya kusaga na yule kipofu anayekaa pale akijua kila mtu kwa mwendo, cha kumi na mbili Bi Jemima mwenyewe na miwani yake. Vioo vya miwani nilivishona mwezi uliopita, nisingevishona sasa. Bi Jemima amejiona akasema amenenepeshwa. Nimemwambia ni pamba iliyo ndani ya mfarishi, si mimi.

Kola mbili za mwuza mitumba ni kweli. Nyingine ilikuwa ya shati alilolivaa ndani.

Rafiki yangu mmoja, humjui, anauliza jambo nami sina wa kumwuliza ila wewe. Mwanamke mtu mzima, urefu kama wako, akitaka bafta, huchukua yadi ngapi? Bafta nyeupe ya kawaida. Ni kwa ajili ya pazia.

Kifurushi kitakuja. Mvua imekuwa nyingi na sitaki kilowe.

Mumeo,
Chirau


Ukunda,
Jumatano, 20 Mei 1998

Bibi yangu Kahaso,

Shikamoo. Randu amesema leo daraja linapitika kwa gari zito, kwa hivyo atajaribu. Ni wiki sita lori halijafika Vanga na huku hatuna barafu wala habari. Mimi ripoti zangu niliendelea kuziandika kila wiki kama lori lipo, nisije nikaambiwa nilijificha nyuma ya mvua. Nakunakilia zote hapa.

Wiki ya 13 Aprili. Chumba cha kumi na tatu, chura. Mwenyewe yuko chini ya meza ya cherehani, nilimtazama nikashona.

Wiki ya 20 Aprili. Sikushona. Nilifumua. Yangeyange mmoja, wa kulia. Nimemrudisha pale pale.

Wiki ya 27 Aprili. Chumba cha kumi na nne, mvua. Nyuzi za kijivu tu, mia moja na arobaini, zimelala upande mmoja. Bi Jemima akasema hii ndiyo sanaa yenyewe. Nikamwambia hii ndiyo paa letu.

Wiki ya 4 Mei. Maji yaliingia ndani mpaka kwenye pedali. Nilipandisha cherehani juu ya kitanda nikalala chini mimi. Alfani alikuja kunisaidia kuinyanyua, na kanzu yake ikalowa mpaka magotini, hakusema kitu. Niliudhika sana kwamba hakusema kitu.

Wiki ya 11 Mei. Vyumba viwili kwa mpigo, cha kumi na tano Alfani amekunja kanzu, cha kumi na sita mbuzi mwenye sura yake. Nimewaweka mbalimbali, mtu asiulize.

Wiki hii. Chumba cha kumi na saba, mlango wa nyumba yako, umefungwa. Nilitaka kuushona wazi nikashindwa kujua ndani niweke nini.

Kile kifurushi nimempa Randu akiweke mbele, palipo pakavu. Nilikipata chini ya sanduku kama ulivyosema. Sikukifungua.

Unaendeleaje? Nauliza wewe, si Bibi Mwanakombo. Barua yako ya mwisho ni ya mwezi wa tatu.

Chirau


Vanga,
Jumatatu, 8 Juni 1998

Mume wangu Chirau,

Marahaba. Mwanakombo anakusalimia. Mwezi wa nne na wa tano alikuandikia barua mbili kwa niaba yangu, daraja likazizuia. Hukukosa kitu. Zilisema hatujambo.

Ripoti zako zote nimezisoma. Ile ya mvua nilisomewa, kisha nikaisoma mwenyewe.

Kifurushi kimefika. Kimekunjwa vizuri kuliko nilivyokikunja mimi. Mafundo ni manane. Yule rafiki yako aliyetaka pazia ana akili: bafta hiyo nimeishona pazia la choo cha Mwanakombo na imetosha. Upepo ukivuma, dawa ya mende inafika mpaka msikitini.

Sasa nisikilize. Mguu wa Mwanakombo haukuvunjika, si mwaka huu wala mwaka wowote. Mgonjwa nilikuwa mimi. Ni moyo. Daktari alinipa vidonge akanitazama kwa jicho ambalo sikulipenda, nikasema basi, niende kwa dada yangu, ndiye pekee aliyebaki anayenijua tangu nikiwa mtoto, kama ni kuondoka niondoke nikiwa mbele yake. Wewe sikukwambia. Ungeiacha cherehani ukaja kukaa hapa kunitazama, nawe ukimtazama mtu huongea, na mimi nilitakiwa kupumzika.

Mwezi wa nne ulikuwa mbaya. Sasa nimepata nafuu. Nabeba ndoo, nusu.

Nilikwambia sitaki uongo hata mmoja, na anayeandika haya ndiye aliyeanza. Wangu ni huo, nimeutoa.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe nne Julai na Randu, nikae mbele, si nyuma na barafu. Maulidi tutayasomea nyumbani, inshallah.

Vipande vya ushahidi nimevihifadhi vyote. Kimoja nakurudishia.

Mkeo,
Kahaso


Ukunda,
Jumatatu, 29 Juni 1998

Bibi yangu,

Shikamoo.

Barua yako niliipata tarehe tisa, na lori limekwenda mara mbili tangu hapo bila neno langu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naandika na kuchana. Hii naipeleka kwa Randu kabla sijaisoma tena, ikufikie kesho, uijue kabla ya Jumamosi. Ukibadili nia usije, nitaelewa.

Huku tuna salama. Paa nimeliziba matundu yote mawili. Wale mbuzi wamekua, na yule mwenye sura ya Alfani ameuzwa, na Alfani mwenyewe hajui kwa nini namwangalia kwa huruma.

Vyumba ni ishirini. Cha kumi na nane ni daraja, cha kumi na tisa ni Bibi Mwanakombo na ndoo yake ya mazoezi, cha ishirini ni wewe umekaa kwenye cherehani. Nywele nimekutia nyeusi. Si kwamba nakusifu. Ni kwamba nyeupe sikutaka kuishika tena.

Bi Jemima alikuja Ijumaa na vijana wawili na ngazi, kuuchukua. Nikamwambia hautoki. Akasema, "Chirau, usinifanyie hivyo, ukuta uko tayari." Nikamwambia hautoki mpaka mwenye nyumba aje, maana ndani yake mna kitu chake ambacho si cha kutundika. Akauliza kitu gani. Ameondoka amekasirika, na sijui kama atarudi.

Kipande ulichonirudishia kipo hapa mezani. Nimekinusa mimi pia. Sasa naijua harufu yake, ni karafuu maiti.

Ningeweza kusema uliniambia nikate chochote kilichomo sandukuni. Uliniambia kweli, na ndilo nililojiambia mwezi mzima. Lakini mtu hafungi mafundo saba nguo ya kukatwa. Niliyahesabu nikiyafungua. La sita lilikuwa gumu, nikatumia meno.

Sikujua kuwa ni sanda. Nilijua kuwa ni kitu. Ulipokiomba mwezi wa tatu nikaogopa, nikaacha kuigusa, nikanyamaza. Siku mbili kabla ya Iddi nilimwonyesha Alfani makombo yaliyobaki. Akanusa, akakaa kwenye kile kiti chake cha mbali. Ndiye aliyeniambia kwamba Babu aliinunua Makka mwaka aliokwenda kuhiji, akaichovya Zamzam kwa mikono yake akakuletea, na kwamba ulimzika yeye ukasema yako inangoja. Alinihesabia kwa vidole, ya mwanamke ni vipande vitano. Mimi nilikuwa nimeikata vipande ambavyo hakuna vidole vya kuvihesabu. Nilimwapisha asiseme, na hakusema. Alfani angeweza kukwambia tangu mwezi wa nne, akaondoka na cherehani siku hiyo hiyo. Badala yake alikuja kuinyanyua kwenye maji.

Bafta niliyokuletea ni ya dukani hapa Ukunda. Dawa ya mende niliisaga kwa chupa nikaipaka kwa mkono. Fundo la nane nililifunga kwa sababu sikumbuki kama nilifika saba.

Yako iko hivi. Yangeyange watatu. Mmoja nilimfumua nikidhani naweza kukurudishia walau hicho, kikatoka na matundu ya sindano pembezoni kama nguo iliyoliwa na wadudu, nikamshona tena. Vipande saba vya barafu ya Randu. Vioo viwili vya miwani ya Bi Jemima. Na meno yangu. Kila Jumanne nilikwenda barabarani kulingoja lori nikiogopa Randu atashuka bila barua, ashuke na habari. Nikirudi ndani nilijikuta ukutani nacheka, wewe uko Vanga huna sanda, mimi nina meno thelathini na mawili.

Cherehani nimeitia mafuta na kuifunika leso. Nimemwambia Alfani aje Jumamosi na mkokoteni. Masharti yako ukutani sijayafuta, ili ukiingia uyaone na usilazimike kuyasema. Uongo si mmoja. Niliandika kwamba sikukifungua kifurushi, na kwamba sanduku ni refu, na kwamba ni mvua, na kwamba ni rafiki yangu.

Lakini lililoharibika lenyewe si uongo. Uongo ulikuja baadaye, ulikuwa unalikimbia. Ilikuwa Jumatatu, tarehe kumi na sita Februari, saa nne za asubuhi. Niliitandaza mezani, ikafika kote ikabaki. Hakuna aliyeniharakisha. Nilitia mkasi wako katikati ukapita wenyewe kama unaopita kwenye maji, nikajiona fundi.

Nilikuwa napiga mluzi.

Mjukuu wako,
Chirau